Maikrofoni Kwenye Kimo cha Mtoto

Nyumbani kwangu kulikuwa na sheria moja: sindano isiguse nyekundu. Nazungumzia ile sindano ndogo kwenye kioo cha mashine ya kurekodia, inayocheza kushoto na kulia kadiri sauti inavyoshuka na kupanda. Ikilala kwenye nyekundu, sauti imepasuka, na sauti iliyopasuka haishoneki. Watoto wangu waliiheshimu sheria hiyo. Watu wazima ndio walionisumbua.

Ilikuwa Gisenyi, upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu, mwishoni mwa miaka ya tisini. Siku za kazi nilikuwa ofisini nikipiga taipu barua za wakubwa. Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada, sebule yangu iligeuka studio. Tulisimamisha magodoro yote ya nyumba ukutani, tukatundika mablanketi madirishani, tukatoa saa ya ukutani nje kwa sababu ilikuwa na kiherehere. Mume wangu alikuwa na kazi Kigali na alirudi mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza alipolalia godoro lililonuka jasho la kwaya nzima alicheka. Mara ya pili hakucheka.

Mashine yenyewe aliniachia kaka yangu, aliyekuwa mpiga gitaa kule Goma tulikokulia. Ilitumia kaseti ya kawaida, hizi za dukani, ila iliigawa njia nne. Unaweka sauti ya mwimbaji njia yake, gitaa njia yake, waitikiaji njia yao, kisha baadaye, kila mtu akishaenda kwake, unakaa peke yako unavichanganya kwa kusukuma vitufe: huyu juu kidogo, yule arudi nyuma. Kazi ya kuchanganya ndiyo niliyoipenda. Kurekodi ni kama kununua mboga sokoni. Kupika ndiko kuliko na neno.

Kaka aliniachia pia kisanduku kidogo cha chuma ambacho mimi nilikiita pasi. Ukipitisha sauti ndani yake, inayopaa inashushwa, iliyo chini inainuliwa, vyote vinatoka vimelingana. Makwaya yalikipenda mno. Kaseti iliyopigwa pasi ilisikika hata kwenye redio mbovu ya kinyozi, hata barabarani malori yakipita. Mimi nilikichukia. Wimbo una mahali pa kunong'ona na mahali pa kuita. Ukiunyoosha wote sawasawa, umebaki na kelele yenye adabu. Lakini nani angenisikiliza? Kila mwimbaji alikuja kwa wakati wake kunisimamia nyuma ya bega: "Mama, pandisha ya kwangu kidogo." Nikipandisha ya huyu, kesho anakuja jirani yake. Mwishowe wote wako juu, na hakuna anayesikika.

Kati ya waimbaji wa kwaya yetu kulikuwa na mwanamke aliyeuza sambaza sokoni, vile visamaki vya ziwa letu vinavyokaangwa vizimavizima. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Akianza ubeti kanisani, waliochelewa walimsikia wakiwa bado barabarani, na wakakaza mwendo. Sisi wawili hatukuwa marafiki mwanzoni. Mimi nilikuwa wa wale waliozaliwa Kongo na kurudi Rwanda mapema. Yeye alikuwa mtu wa ziwani hapahapa, aliyekimbilia Goma na kurudi kutoka kambi ya wakimbizi pamoja na ule umati wa watu. Miaka ile watu wa kundi langu na watu wa kundi lake walisalimiana, wakapitana. Kwaya ndiyo iliyotuweka benchi moja.

Siku moja baada ya mazoezi alibaki. Alikaa jikoni kwangu, binti yake wa miaka mitatu akizunguka mezani, akanieleza jambo ambalo nusu ya kwaya walilijua na mimi sikulijua. Siku walipokuwa wakikimbia kutoka kambini alikuwa na watoto wawili. Huyu binti alikuwa mchanga, amefungwa mgongoni. Wa kwanza, mvulana wa miaka minne, alikuwa anatembea ameshika pindo la kitenge chake. Risasi zilipolia watu walisukumana, na alipogeuka pindo lilikuwa tupu.

"Nilimutafuta mupaka nikachoka kulia," alisema. "Sasa amepatikana. Lakini haiko wangu."

Mvulana alikuwa kisiwani Idjwi, ndani ya ziwa letu, upande wa Kongo. Mwenye mtumbwi mmoja wa mota, aliyeleta mananasi kutoka kisiwani siku za soko, ndiye aliyesikia kwamba bibi mmoja mjane anakaa na mtoto wa Kinyarwanda aliyeletwa na watu wakati wa vita. Muuza sambaza alipanda mtumbwi huo akaenda. Alimtambua mwanawe kwa kovu la kidevuni kabla hata hajashuka vizuri, akaruka majini na viatu vyake, akakimbia akiita jina lake kwa ile sauti yake ya kanisani. Mtoto alishtuka. Alikimbilia migombani, akajificha nyuma ya yule bibi, akamng'ang'ania miguu na kulia hadi akatapika. Kwake mama yake alikuwa amekufa. Ndivyo walivyomwambia waliomleta, na kwa mtoto wa umri ule miaka miwili na ushee ni maisha mazima.

Yule bibi, au koko, ndivyo tunavyowaita mabibi upande ule, hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu niliposikia mara ya kwanza nilimkasirikia na nikataka kwenda kumfokea mwenyewe. Alimwambia muuza sambaza: "Naona njo wewe mama yake. Lakini sitatoa mutoto mwenye iko nalia. Siku atakujua, nitamuleta na mukono yangu." Mtu aliyesema hivyo alikuwa akimpenda mtoto. Shida ilikuwa muda. Mwanawe koko alikuwa anakaa Bukavu, na baada ya mavuno ya maharage angekuja kuwachukua wote wawili wakaishi naye huko. Mtoto akishaingia Bukavu, mji ule na milima yake, na barabara za wakati ule, ungempata wapi tena?

"Picha ulimwonyesha?" nilimuuliza.

"Aliitazama. Alisema huyu mama iko munene."

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeleta wazo la kaseti. Alikuwa mtu mpole aliyetembea kwa miguu kutoka Nyundo hadi mjini kutufundisha, na moyo wake ulikuwa karibu sana na machozi. Koko alikuwa na redio ya kaseti. Basi, mama aimbe ule wimbo aliombembelezea mwanawe, mwenye mtumbwi aupeleke, mtoto ausikie kidogo kidogo bila mtu wa kumkimbilia. Sote tulikubali papo hapo. Mimi pia nililiona ni wazo zuri, na hadi leo naliona hivyo. Tulichofanya nalo ndicho kilichokuwa cha ajabu.

Muuza sambaza alikuja Jumapili amevaa kitenge kipya na kilemba, amejipaka mafuta uso mzima, kana kwamba maikrofoni ina macho. Kwaya nayo ilikuja, maana kwaya yetu haikumwacha mtu wake peke yake kwenye jambo zito. Mwalimu alikuwa amebeba kinanda cha umeme. Kabla sijafungua mdomo waitikiaji walikuwa wameshajipanga mstari, soprano huku, besi kule.

"Mutoto hatafuti besi," nilisema. "Anatafuta mama yake."

"Mama, tuko nasaidia," mwalimu akanijibu. "Donc, basi mutoto asikie kwamba mama yake ni mutu, iko na watu yake."

Nilimgeukia muuza sambaza mwenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, mikono ameifumbata kifuani kama anavyofanya madhabahuni. "Dada, acha tu baweke kinanda," alisema. "Mi nataka apende."

Nikawasha mashine. Aliimba, na aliimba vizuri ajabu. Wimbo wa kubembeleza mtoto, ambao kila nyumba kwetu ina wake na kila mama huubadilisha kadiri ya usingizi wa mwanawe, yeye aliusimamisha wima, akaupandisha mpaka darini, waitikiaji wakaubeba, kinanda kikaupamba mwanzo na mwisho. Halafu wakataka pasi. Nilibishana nao mpaka chai ikapoa. Wao walikuwa wengi na mimi nilikuwa mmoja, na mama mwenyewe alikuwa upande wao. Tukapiga pasi. Kaseti ilitoka imenyooka, inang'aa, ukiiweka kwenye redio yoyote inajaza nyumba.

Mwenye mtumbwi aliporudi siku ya soko alikuwa na uso wa furaha. Tulimkuta ufukweni akipanga mananasi.

"Kule banaipenda sana," alisema. "Bantu banakuja jioni kwa koko kuisikiliza. Hata bale ba kanisa banataka yao."

"Na mutoto?" muuza sambaza aliuliza.

Yule bwana aliinama akachukua nanasi, akalirudisha pale pale. "Mutoto aliuliza hiyo radio ni ya wapi. Kisha akaenda kucheza."

Muuza sambaza alisema ahsante. Alirudi sokoni kwenye karai lake la sambaza, akauza hadi zikaisha, akiwarudishia wateja wote chenji kamili. Mimi niliporudi nyumbani nilikichukua kile kisanduku cha pasi nikakitia chini ya kitanda, nyuma ya masufuria ya harusi, na niliumia kama mtu aliyefiwa. Mtoto amesikia sauti ya mama yake akadhani ni redio. Tulikuwa tumemtengenezea redio.

Nilimwita muuza sambaza peke yake. Nilisema kwaya isije, na mwalimu naye asije, na asivae kilemba. Nilimkalisha kwenye kigoda cha jikoni na kumuuliza tu: nyumbani, kabla ya vita, ulikuwa unamwimbia vipi?

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kipumbavu. "Sikukuwa namuimbia. Nani anaimbia mutoto? Unamubeba tu, inakuja yenyewe."

"Basi ije."

Alifungua mdomo, na ikaja ya kanisani. Akasimama, akajaribu tena kwa chini. Ikawa ya kanisani iliyonyimwa chakula. Alijaribu akiwa amefumba macho, alijaribu akiwa amenipa mgongo, alijaribu huku akichambua maharage yangu. Kila mara ile sauti ya kusimama mbele za watu ilimpanda kooni bila kumwomba ruhusa. Mwishowe aliweka ungo chini na kuanza kulia, polepole, bila kelele.

"Mugongo iko mutupu," alisema. "Wimbo haiwezi kuja na mugongo mutupu."

Tulimwita binti yake. Binti alikataa katakata kubebwa. Alisema yeye si mtoto, akakimbilia uani kucheza na wenzake. Na kwa kweli angekuwa mzito. Wakati huohuo, chumbani, kitinda mimba wangu wa miezi michache akaamka na kuanza kilio chake cha mchana, ambacho majirani wa nyumba ya tatu walikifahamu. Kwa kawaida kilio hicho kiliniharibia kazi. Siku hiyo tulitazamana, yeye na mimi, nikaenda kumleta.

Alimpokea, akainama, akamtupa mgongoni kwa ule mzunguko mmoja wa mkono ambao mwanamke hausahau, akamfunga kitenge, akakaza fundo juu ya kifua. Akaanza kutembea. Mguu huu, mguu ule, anaingia sebuleni, anafika mlangoni, anageuka. Mkono wake ulikwenda nyuma wenyewe na kuanza kumpigapiga mtoto matakoni, pole pole. Kisha ikaja. Haikuwa sauti niliyoijua. Ilikuwa nusu pumzi na nusu mgumio, maneno mengine hayakumalizika, na katikati alinyamaza kabisa akabakiza mkono tu, kisha akaendelea pale alipopataka. Mwanangu alinyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama na waya mkononi, sijabonyeza kitu, na nilikuwa nalia.

Kurekodi hiyo kulitaka akili nyingine. Kwanza umeme: mchana ule ulikuwa unapanda na kushuka, na umeme ukishuka mashine inapunguza mwendo, na ukija kusikiliza mwanamke amegeuka mtoto. Nilimkimbilia jirani aliyekuwa na pikapu ya kubebea viazi kutoka Mudende, akanitolea betri ya gari bila kuuliza. Kisha nikafikiria mahali pa maikrofoni. Kwa mwimbaji unaiweka mdomoni. Lakini huyu alikuwa anatembea, na hakuwa anaimba.

"Mvulana wako alikuwa na urefu gani?" nilimuuliza. "Siku zile unambeba huyu binti."

Alinyoosha mkono kando ya paja lake, kiganja kikiangalia juu, maana mtoto wa mtu hapimwi kwa kiganja kinachoangalia chini. Hivyo ni kumkandamiza asikue. "Hapa," alisema. "Nikibeba dada yake, yee alikuwa anatembea nyuma yangu hivi. Alishika kitenge. Alikuwa anasikia wimbo wake unapewa mungine, alikuwa na wivu kidogo."

Basi nikaifunga maikrofoni kwenye mgongo wa kiti cha chini, kwenye kimo kile kile cha kiganja chake. Nyingine niliitundika juu, karibu na mahali angepitisha uso. Mbili tu. Njia mbili zilizobaki za mashine ziliachwa tupu, na sikumbuki kama niliwahi kufanya hivyo kabla. Akatembea. Alikaribia kiti, akapita, akaenda mlangoni, sauti ikawa mbali, akarudi. Nje mwenye baiskeli alipiga kengele. Binti alicheka uani. Aliimba hadi mtoto wangu akalala, na alipolala hakuacha mara moja, kwa sababu mama hakati wimbo pale pale mtoto anapolala.

Kuchanganya kulinichukua jioni kadhaa, na kulikuwa kazi ya kujizuia. Mkono wangu wenyewe ulitaka kusaidia. Anapokwenda mlangoni sauti inapotea, mkono unataka kumpandisha. Anaporudi, unataka kumshusha. Niliukalia. Kitu cha juu kabisa katika kaseti ile kilikuwa kile kiganja chake kikipiga kitenge: pa, pa, pa. Hicho nilikiacha kisogee karibu na nyekundu bila kuigusa, na kila kingine kikakaa chini yake mahali kilipokaa kweli, mgumio chini, pumzi chini zaidi, ukimya chini ya vyote. Kaseti ina mvumo wake, ule wa shhh, na sauti ikiwa ndogo mvumo unasikika. Ningeweza kuuficha kwa kuinua sauti. Niliuacha, nyumba nayo ina mvumo. Ile maikrofoni ya juu, yenye maneno yaliyo wazi, niliichanganya kidogo sana, kiasi cha chumvi. Ya chini ndiyo ikawa wimbo. Ndani yake ulisikia nguo ikisuguana na miguu, na sauti ya mama ikitoka juu.

Mwalimu wa kwaya alipita kuangalia. Niliiweka.

"Haisikike, mama," alisema.

"Sogea."

"Nisogee wapi?"

"Karibu. Hapo chini."

Aliinama, kisha akapiga goti, akaweka sikio kwenye spika, mtu mzima na suruali yake ya kanisani. Alikaa hivyo hadi upande ukaisha. Alinyanyuka akajipangusa magoti. Alitoa leso, akapenga kamasi, akaniomba maji ya kunywa.

Mwenye mtumbwi alikuwa mgumu zaidi. Nilimkabidhi kaseti ufukweni nikamwambia redio iwe chini, isipandishwe, akae nayo mtoto karibu au asikae, lakini isipandishwe.

"Hata motere yangu itaifunika," alisema. "Bon, sawa. Mi nabeba tu."

Maharage yalikuwa yameshaanza kung'olewa milimani. Muuza sambaza alikuja kwangu karibu kila jioni, akambeba mwanangu na kunisaidia kupika. Nilijua anachongoja na yeye alijua kwamba najua. Siku mbili za soko zilipita mtumbwi haukuja. Walisema ziwa lilichafuka, wengine walisema ni askari. Niliota ndoto mbaya za mvumo wa kaseti.

Hatimaye mwenye mtumbwi alikuja, na safari hii hakuwa na uso wa furaha. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona jambo asilolielewa. Alitukalisha kwenye kreti za mananasi na kutueleza.

Koko alikuwa ameweka kaseti mchana, wakati wa kutwanga. Mtoto alikuwa mlangoni anatengeneza gari la mti wa ndizi. Wimbo ulianza na hakuna aliyeusikia vizuri, kwa sababu ya kinu. Koko akaacha kutwanga. Jirani mmoja, mpenzi wa ile kaseti ya kwanza, akasema redio imekufa betri, akanyoosha mkono apandishe sauti.

"Mutoto alikamata mukono yake," mwenye mtumbwi alisema. "Alimuambia, acha, mutoto iko nalala."

Muuza sambaza aliweka mkono mdomoni.

"Koko akauliza, mutoto gani? Hapa haiko mutoto. Yee akasema, wa mama. Kisha akakaa pale chini, karibu ya radio, na akashika kitambaa ya meza. Aliishika tu hivi. Mupaka ikaisha."

Pindo, nilifikiri. Muuza sambaza alikuwa amejikunja akiegemea magoti yangu, na nilimshika mabega, mimi niliyekuwa nikimpita kanisani na salamu ya nusu mdomo.

Koko alitimiza neno lake. Kabla mwanawe hajafika kutoka Bukavu, alipanda mtumbwi wa mananasi akamleta mtoto kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye, tulikuja kusikia, alikuwa anaogopa maji maisha yake yote. Siku hiyo tulikwenda ufukweni watatu tu: muuza sambaza, binti yake, na mimi nikiwa na wangu mgongoni. Kwaya tuliikataza. Nilikuwa nimemsihi asikimbie, asiite, hata mtumbwi ukimkanyaga miguu. Alisimama kama nguzo. Jasho lilimtiririka usoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Walishuka. Koko alikuwa mwembamba, amevaa sweta la kiume, na mtoto alikuwa ameshika pindo la kitenge chake. Alikuwa amerefuka, kiganja cha mama yake kisingemtosha tena. Walikuja hadi karibu yetu wakasimama. Koko alimtazama muuza sambaza, akamwachia mtoto nafasi kwa kusogea pembeni hatua moja, lakini hakulivuta pindo kutoka mkononi mwa mtoto. Nililipenda hilo.

Nilimsikia muuza sambaza akianza kugumia, chini kabisa, yale yale, na sidhani kama alijua anafanya hivyo. Mkono wake ulikuwa ukipiga paja.

Mvulana alimsikiliza. Hakumtazama usoni, alitazama mgongo wake, akazunguka kidogo apate kuuona vizuri, na mgongo ulikuwa mtupu. Kisha akamwona binti, aliyekuwa amejificha nyuma ya miguu ya mama yake, ameshika kitenge, anachungulia. Alimkagua kuanzia viatu hadi nywele. Ndipo akamwangalia mama yake kwa mara ya kwanza, akauliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayechunga asimwamshe mwingine:

"Alisha amuka?"

"Ndiyo," mama yake alisema. "Alisha amuka. Kuja."